Negativu Iko kwa Nani? Kamera ya Mtumba na Picha za Wanawake wa Mwambao



Kamera tunayoizungumza leo tuliinunua kwa muuza mitumba wa Darajani. Ilikuwa imelala chini ya mikoba na viatu vya watoto, imejaa vumbi, mkanda wake wa ngozi umekatika. Muuzaji alitaka elfu hamsini, tukampa thelathini. Alituambia kweli yake: "Hii ya zamani dada zangu, hata sijui kama inafanya kazi. Isipofanya, msinirudishie."

Hatukuinunua kwa ajili ya pambo la kabatini. Tuliinunua kwa sababu ya mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa anaolewa. Miaka miwili nyuma, katika harusi nyingine ya ukoo wetu, picha ya bibi harusi siku ya singo ilitoka. Alikuwa kichwa wazi, mabega wazi, amepakwa liwa, anacheka na shoga zake. Shangazi mmoja aliiweka kwenye stetasi kwa furaha tu, masikini, hakuwa na nia mbaya. Kufikia magharibi picha ilikuwa imeshapita magrupu matatu, na wanaume wasiomhusu wameshaiona. Hakuna aliyeweza kuirudisha. Yule binti alilia siku ambayo hakutakiwa kulia.

Basi mdogo wetu alipofikiwa na zamu yake akasema maneno mawili. La kwanza, "Sitaki simu hata moja kwenye singo yangu." La pili, "Lakini picha nazitaka. Nataka wanangu waje wanione nilivyokuwa."

Tukatazamana. Anataka picha, na hataki picha itoke. Tukajiuliza, mama zetu na bibi zetu walifanyaje? Hapo ndipo tulipoanza kutafuta kamera ya mkanda, na ndipo tulipoanza kusoma historia ya picha. Tulidhani tutakuta zamani mambo yalikuwa salama. Haikuwa hivyo kabisa, na ndiyo sababu tumeona tuwaandikie.

Nyumba ya giza

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu sisi Waislamu tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Mtaalamu Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965 na akafariki Cairo karibu na mwaka 1040. Aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona na mwanga, Kitab al-Manazir. Wengi kabla yake waliamini kuwa jicho hutoa mionzi ikaenda kugusa kitu. Yeye alionyesha kinyume chake, kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Katika majaribio yake alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo. Mwanga unaopita kwenye tundu lile hufika ukuta wa pili ukiwa na umbo la kile kilichoko nje.

Kamera zote hadi leo ni hicho chumba cha giza, kimefanywa kidogo kikaingia mkononi. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni namna ya kuishika ile picha ya ukutani isipotee jua linapozama.

Namna hiyo ilipatikana Ulaya. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia ya kushika picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha ile ilikuwa moja tu. Haikuwa na nakala, na mwenye bamba ndiye mwenye picha. Mwaka 1841 Mwingereza William Henry Fox Talbot akapata hati ya njia yake mwenyewe, ambayo kwanza hutoa picha iliyogeuka, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, kisha kutoka kwenye hiyo ukachapa nakala unazotaka. Hiyo ndiyo negativu.

Tunaomba dada mlishike hili, maana yote yanayofuata yamesimama hapo. Siku negativu ilipozaliwa, picha ya mtu iliacha kuwa kitu kimoja. Kuanzia hapo kuna picha uliyopewa wewe, na kuna kile kinachoweza kuzaa nyingine mia. Na hicho cha pili mara nyingi hakikai kwako.

Picha zinafika kwetu

Kamera ilifika mwambao wetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1846 na 1848 Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa merikebu, akiwa na kifaa cha Daguerre. Ilikuwa enzi ya Sayyid Said. Kumbe hata miaka kumi haikuwa imepita tangu njia ile itangazwe Paris.

Picha ya mwanamke wa Kizanzibari wa karne ile inayojulikana zaidi, hata hivyo, haikupigwa Zanzibar. Ni ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaishi Hamburg. Huko Hamburg aliingia studio akiwa amevaa mavazi ya kwao, amejipamba kwa vito. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Leo ukienda Mji Mkongwe sura yake utaikuta kwenye makumbusho, kwenye majalada ya vitabu na hata kwenye bidhaa za watalii. Alikulia ndani ya kasri ambamo mwanamume wa kando hakumwona uso. Picha moja ya studio imefanya dunia nzima imjue. Hatusemi alikosea wala alipatia. Tunasema tu kwamba picha ikishatoka, humzidi mwenyewe umri na humpita kwa safari.

Yeye angalau jina lake linajulikana. Kuna wengine hawana hata hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wenye asili ya Goa walikuwa na studio zao mjini Unguja. Majina yao yamebaki kwenye kadi za posta za zamani: A. C. Gomes, J. B. Coutinho, Pereira de Lord. Kazi zao ni hazina, tukisema kweli. Bila wao tusingejua forodhani ilivyokuwa, wala mitaa, wala majumba. Lakini miongoni mwa kadi zile kuna za wanawake. Wamefunga kanga kifuani, wamesuka nywele, wamekaa mbele ya pazia la studio. Chini yake imeandikwa maneno kama "mwanamke wa Kiswahili" na basi. Jina hakuna. Kadi hizo ziliuzwa kwa abiria wa meli, zikatiwa stempu, zikasomwa na matarishi wa Ulaya. Leo zinauzwa kwenye minada.

Mmoja wao angeweza kuwa bibi wa bibi yako. Tujiulize, aliambiwa picha ile inakwenda wapi?

Bonyeza, wengine watasafisha

Wakati studio hizo zinafanya kazi, Marekani kulitokea jambo lililobadilisha kila kitu. Mwaka 1888 George Eastman aliuza kamera aliyoiita Kodak, ndani yake mna mkanda wa picha 100. Ukimaliza unaipeleka kamera nzima kiwandani Rochester. Wao wanaufungua, wanasafisha picha, wanatia mkanda mpya, wanakurudishia. Mwaka 1900 wakatoa kamera ya Brownie kwa dola moja tu, kamera ambayo hata mtoto aliweza kuitumia.

Mtu wa kawaida akaweza kupiga picha nyumbani kwake. Lakini kazi ya kusafisha ikahamia kwa mtu asiyemjua. Kabla ya hapo mpiga picha ulimwona uso kwa uso. Sasa picha za ndani ya nyumba yako zilipita mikononi mwa watu ambao hutawajua milele.

Mwaka 1925 Wajerumani wakaanza kuuza Leica, kamera ndogo iliyotumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Mwaka 1934 Kodak wakaufungia mkanda huo kwenye kikopo kidogo cha chuma, na kikopo hicho ndicho kinachotumika hadi leo. Wajapani baada ya vita wakazifanya kamera hizo ziwe nyepesi na rahisi. Hiyo yetu ya Darajani ni mmoja wa watoto wa ukoo huo, Olympus Trip 35. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaendelea kutengenezwa hadi 1984, na waliiuza kwa mamilioni. Ilikusudiwa watu wa safari na mapumziko, ndiyo maana wakaiita Trip.

Mwanamke nyuma ya kamera

Wanawake wa Kiislamu hawakukaa kimya muda wote huo. Twende Istanbul kidogo, kwa sababu kuna mtu tunataka mumjue.

Anaitwa Naciye Suman, aliyezaliwa mwaka 1881. Mume wake alikuwa afisa wa jeshi na nchi ilikuwa imechoshwa na vita. Naciye alikuwa anajua kupiga picha, basi mwaka 1919 akafungua studio nyumbani kwake, akatundika kibao cha kutangaza kwamba hii ni studio ya wanawake. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kituruki kufungua studio yake. Wanawake walikuja kwake kwa sababu moja ambayo sisi tunaielewa vizuri: kwa Naciye waliweza kuvua mitandio bila hofu. Walikuwemo waliotaka picha za kuwapelekea waume zao walio mbali.

Tulipoisoma habari yake tulinyamaza. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwanamke alikutana na swali lile lile la mdogo wetu, "picha nazitaka, lakini zisionwe na yeyote," na akalijibu kwa mikono yake.

Na hapa tuseme neno la dini kwa ufupi. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha za kamera tangu zilipokuja. Wako waliozikataza. Wako walioziruhusu, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliona kamera haiumbi kitu bali inazuia kivuli kisiondoke. Kila mmoja wetu amuulize mwalimu anayemwamini. Lakini walioruhusu hawakuruhusu sitara iondoke. Na juu ya amana hakuna khitilafu: Surat An-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Sisi tunaamini picha ya mwanamke aliyejifungua mbele ya wenzake ni amana.

Studio za bibi zetu

Turudi nyumbani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyetoka India na aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe, na mwanawe akaja kuirithi kazi hiyo. Mombasa, miaka ya 1940, ikafunguliwa studio ya Parekh, ambako mabibi na mabwana harusi wa Kiswahili walipigwa picha kwa mitindo ya sinema za Kihindi. Lamu, miaka ya 1960, Omar Said Bakor aliyejifundisha mwenyewe akawa anakata picha na kuziunganisha, sura ya mtu akaipachika ndani ya ua.

Bibi yetu ana picha moja tu ya usichana wake. Amekaa kwenye kiti, mikono magotini, kikuba cha asumini kifuani, macho yanatazama pembeni. Ilipigwa wiki chache kabla ya kuolewa. Huiweka kwenye kasha, ndani ya kanga, juu ya hati ya nyumba. Tulipoanza habari hizi tukamwuliza, "Bibi, na ile negativu?"

"Negativu ndiyo nini?"

Tukamweleza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ah, wanangu. Hiyo ilibaki kwake mpiga picha. Nani angeiuliza? Sisi tulipewa karatasi tukashukuru."

Studio ile imefungwa zamani. Mwenyewe alihama nchi. Bibi yetu hajui negativu yake iko wapi, na sisi hatujui. Huenda imeoza. Huenda iko kwenye sanduku la mtu anayekusanya picha za zamani, mbali na hapa. Miaka hamsini na zaidi aliamini picha yake iko kasha moja tu.

Baadaye, miaka ya 1980 na 1990, zikaenea kamera ndogo kama hii yetu. Harusini shangazi mmoja alikuwa nayo, anapiga, mkanda unapelekwa dukani, picha zinarudi za rangi ndani ya bahasha pamoja na vipande vya negativu. Nani kati yetu hakuwahi kupewa albamu akae nayo mapajani akisubiri chai? Mgeni aliiona akaifunga, na albamu ikarudi kabatini. Kwa mara ya kwanza negativu zilirudi nyumbani kwa mwenyewe. Lakini kijana wa dukani alikuwa ameshaziona zote.

Kisha ikaja kamera isiyo na mkanda. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1975 ndani ya kampuni ya Kodak yenyewe, na mwhandisi wao Steven Sasson. Mwaka 2012 Kodak hao hao waliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa madeni. Leo picha haina negativu hata moja, au tuseme kila nakala ni negativu. Kila aliyetumiwa anaweza kuzaa nyingine mia. Hilo ndilo lililomkuta yule binti wa ukoo wetu.

Tulivyoijaribu

Sasa tuje kwenye kamera yetu. Uzuri wa Trip 35 ni kwamba haitumii betri. Kuzunguka lenzi kuna kioo chenye vijidutu vingi kama sega la nyuki. Chini yake kuna seleniamu, ambayo ikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo wa kuiongoza kamera ipime mwanga wenyewe. Mwanga ukiwa mdogo, kamera inakataa kupiga, na ndani ya tundu la kuchungulia kinainuka kibendera chekundu. Ukitaka kujua kama nzima unapoinunua, fanya tulivyofanya sisi pale pale Darajani: ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza. Kibendera kikiinuka, jicho lake bado linaona. Cha kwetu kiliinuka, na muuzaji akashangaa kuliko sisi.

Sponji za mlango wa nyuma zilikuwa zimeoza zikawa kama lami. Tukazifuta kwa spiriti, tukaweka uzi mweusi wa kufumia ili mwanga usipenye. Mkanda mweusi na mweupe wa picha 36 aliuleta wifi yetu kutoka Uingereza. Mkanda huo peke yake uligharimu kuliko kamera.

Siku ya singo somo alikaa mlangoni na kikapu cha ukili. Kila aliyeingia aliweka simu yake humo. Wa kwanza kuiweka alikuwa yule shangazi wa stetasi. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliitoa mwenyewe, akaizima, akaingia.

Tulipiga asubuhi, uwani, kwa sababu ndani kibendera chekundu kilituzuia. Kamera hii haina cha kulenga chenyewe. Ina alama nne za umbali: kichwa kimoja, watu wawili, watu watatu na mlima. Tulisahau tukaiacha kwenye mlima, picha tano zikatoka na ukungu. Nyingine moja ina kidole chetu. Lakini tuliona mambo ambayo hatukuyatarajia. Hakuna aliyesema "hebu nione," kwa sababu hakuna cha kuona. Hakuna aliyetaka irudiwe mara kumi. Tukipiga moja, tunaiweka kamera chini, tunarudi kumsinga. Mama wakubwa walipoona lenzi waliacha kucheka, wakanyooka, wakaweka mikono magotini. Walikaa vile vile walivyofundishwa studio wakiwa wasichana.

Kusafisha tulifanya wenyewe, tukimkumbuka Naciye. Tulijifunza wiki mbili kabla, tukaharibu mkanda mmoja wa majaribio. Ilikuwa usiku, msalani, nyufa za mlango tumeziziba kwa kanga. Dawa ya kusafishia inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya kwetu ni ya uvuguvugu, basi tukaikalisha kwenye ndoo ya barafu. Tulivaa glavu, na watoto tuliwapeleka kwa jirani, maana dawa zile si za kuchezea.

Tulipoutoa mkanda tukauinua kwenye taa, mdogo wetu alikuwa wa kwanza kuutazama. Piko jeusi la mikononi mwake lilikuwa jeupe, meno yake yalikuwa meusi, na bado tulimjua kila mtu. Picha 28 zilikuwa nzuri. Kuchapa tulilaza negativu juu ya karatasi ya picha na kioo juu yake, tukawasha taa nyeupe kwa sekunde chache, tukamalizia chini ya taa nyekundu. Zilitoka ndogo kama stempu, milimita 24 kwa 36. Ukitaka kuziona lazima ukae karibu na anayezishika.

Kisha tukakata mkanda vipande sita vya picha sita sita, tukavitia kwenye bahasha, tukampa mkononi. Hatukubakisha kitu.

Haikuisha kwa urahisi. Mama yake aliomba moja ya kuwapelekea ndugu wa Muscat. Wanawake watupu, alisema, na ni haki yao kumwona mtoto wao. Mdogo wetu alifikiri siku mbili. Mwishowe alitoa moja, ile ya mikono yake tu yenye hina, imeshika kikuba. Mama alinuna kidogo. Siku ya fungate alikuwa ameshaiweka kwenye fremu.

Kwa wewe unayeolewa

Hatuwaambii mkimbilie kamera za mkanda. Ni gharama, zinataka subira, na historia imetuonyesha kwamba mkanda wenyewe haumsitiri mtu. Wale wanawake wa kadi za posta walipigwa kwa vioo na negativu, na bado walisafirishwa dunia nzima bila majina. Na bibi yetu alipigwa na mtu mwenye heshima zake, na bado negativu haijui iliko.

Tunachowaomba ni kuuliza kabla, iwe kamera ya mkanda, ya kisasa au simu. Nani atapiga? Nani ataziona wakati wa kutengeneza? Ukishakabidhiwa, kitabaki nini kwake, na kwa muda gani? Je, kadi ya kuhifadhia picha utapewa wewe? Muulize mpiga picha hayo mbele ya shahidi, siku ya kupatana bei. Aliye mwaminifu hatachukia. Na ninyi mashangazi na mama wadogo, tunawaomba kwa mapenzi: kabla ya kuituma, mwulize mwenyewe. Furaha yenu si idhini yake.

Na kama bibi yako yu hai, nenda kwake wiki hii. Mwombe akufungulie kasha akuonyeshe picha zake, na akuambie nani alizipiga na wapi. Andika majina nyuma kwa penseli, taratibu, kalamu ya wino huharibu. Wale wa kwenye kadi za posta hawakupata mtu wa kuwaandikia.

Mdogo wetu ana bahasha yake. Hatujui ameiweka wapi, na hatukumwuliza.

Wabillahi tawfiq.